Meza ya Gundi ya Nnaalongo

Mimi ni mpika chai, si tarishi. Nalisema mapema ili lieleweke. Nimeuza chai na katogo, ndizi zilizopikwa na matumbo, mlangoni mwa kiwanda cha marehemu Ssaalongo Mubiru, hapa Ndeeba, kwa miaka kumi na tisa, na saba ya mwisho nimefanywa mdomo wa watu wawili ambao masikio yao ni mazima kabisa.

"Hajara! Mwambie huyo mtu mbao zake zimekuja na vumbi la kutosha kupanda mihogo."

"Hajara, mwambie mama, kama hapendi vumbi akafanye kazi benki."

"Mwambie yeye benki wasingemchukua hata kufagia."

"Mwambie nimesikia."

Basi kama umesikia, mimi wa nini? Walikuwa hatua tatu tu mmoja kutoka kwa mwenzake. Kati yao ulisimama ukuta wa plaiwudi wenye kimo cha mtu na nusu, na chini yake pengo la shubiri mbili. Upande wa barabarani alikaa Bisaso, fundi wa masanduku ya spika, na msumeno wake. Upande wa ndani alikaa mama mkwe wake, Yunia Nabbosa, ambaye sote tunamwita Nnaalongo kwa kuwa alizaa mapacha, kama mumewe Mubiru alivyoitwa Ssaalongo, na gundi yake. Bisaso alikata mbao, akazichonga meno pembezoni, akazisukuma chini ya ukuta. Nnaalongo aliziokota, akazipaka gundi, akazibana meno kwa meno mpaka likatoka sanduku ambalo ungelidondosha kutoka juu ya lori na lisifunguke. Tangu harusi ya Bisaso, watu hawa wawili hawajatazamana uso.

Kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamume na mama wa mkewe hawaonani, hawagusani, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Atakayevunja mwiko huo mikono itamtetemeka hadi kaburini, na watu wakimwona anatetemeka hawamuulizi anaumwa nini. Wanauliza alimfanya nini mama mkwe wake. Lakini mwiko haukatazi salamu. Wakwe wengine huulizana hali vizuri tu, mmoja ndani, mwingine nyuma ya mlango. Hawa wangu la kutosemezana walijiongezea wenyewe kwa chuki, na mzigo wakanitwika mimi.

Nnaalongo hakuzaliwa mkali. Au labda alizaliwa hivyo hivyo, mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba alitoka Bulemeezi wakati wa vita, kwa miguu, na mkeka kichwani, akaanza kuchoma mahindi mbele ya kiwanda cha Mubiru. Mubiru alikuwa bingwa wa msumeno, ila gundi ilimtia wazimu. Angeimwaga, angeipaka nusu, angepiga kelele huku inakauka, halafu sanduku lote analipiga teke. Siku moja binti wa mahindi aliingia ndani, akamnyang'anya brashi, akamwambia akae chini. Mubiru akakaa. Mwaka huo huo akamwoa, na tangu siku hiyo hakugusa gundi tena.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi hiyo na Mubiru. Nimemtazama mara elfu. Kwanza hupanga mbao zote pakavu, bila gundi, ajaribu kila kona. Sheria yake ilikuwa moja: jino likiwa kavu liingie kwa kusukumwa na kiganja. Jino linalotaka nyundo likiwa kavu, likilowa litavimba na halitaingia abadani. Akisharidhika huzifungua tena, hunusa gundi, huangalia mawingu, kisha huanza kupaka, kila jino mashavu yote mawili, bila kuruka hata moja, huku midomo imekazwa kana kwamba ameshika pini. Ukimsemesha wakati huo anakutukana. Mimi amenitukana, padri amemtukana, na mbwa wa jirani anajua.

Na wateja walimshukuru nani? Mubiru. Kuna bwana mmoja wa bendi alikuja kuchukua masanduku yake, akamsifu Mubiru nusu saa nzima, kisha akamgeukia Nnaalongo: "Mama, niletee maji ninawe." Nnaalongo akaleta maji. Bwana alipomaliza kunawa, Nnaalongo akampa mkono wa kwaheri, na mkono ulikuwa umejaa gundi mpaka kwenye kifundo. Nilicheka hadi nikamwaga sukari.

Bisaso aliingia pale kujifunza kazi akiwa kijana, mwenye mabega na mdomo. Msumeno aliujua upesi. Gundi aliidharau. "Ile ni kupaka uji," alikuwa akiwaambia wenzake, na Nnaalongo hapo hapo anasikia. Kisha akampenda Babirye, binti wa mwenye kiwanda, mmoja wa wale mapacha, na siku ya kujitambulisha ukweni akaleta jogoo mwenye jicho moja. Jogoo huyo Nnaalongo anamkumbuka kuliko tarehe ya kufa mumewe.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Mubiru alipokuwa anakata roho, aliwaita wazee wa ukoo wake, akasema mbele yao maneno ambayo kila mtu Ndeeba anayajua. Kiwanda alimwachia Bisaso, kwa kuwa ndiye mwenye kujua kukata. Lakini Nnaalongo asiondolewe kwenye meza yake ya gundi maadamu hakuna sanduku lililoharibika mikononi mwake. Likiharibika moja, arudi Bulemeezi akapumzike.

Akapumzike! Mzee wa watu alidhani amempa mkewe heshima, kumbe alimpa Bisaso bunduki na kumwambia subiri. Bulemeezi Nnaalongo hana mtu. Kuna nyumba ya shemeji yake, veranda, na mkeka. Mwanamke aliyezoea kuamka na kazi mkononi ungemweka pale miezi miwili ungemzika. Alijua hivyo, nami nilijua, na Bisaso alijua kuliko sote. Alishamtafuta hata mtu wa kuchukua nafasi yake, jamaa fulani wa Katwe aitwaye Kiwuwa, na kila wiki alinituma salamu kwa sauti kubwa: "Hajara, mwambie mama, Kiwuwa anauliza kama meza bado ina mtu."

"Mwambie Kiwuwa," Nnaalongo akajibu, "meza hii itamzika yeye na babu yake."

Miaka saba, masanduku sijui mangapi, hakuna lililoharibika.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, mbao zikaanza kuja zimebana. Mara ya kwanza Nnaalongo alinyamaza. Mara ya pili aliniita nikaweke kiganja. Nikasukuma, jino likagoma.

"Umeona?" akanong'ona. "Ameanza."

"Mwambie basi akate upya."

"Nimwambie? Ili aende kwa wazee aseme nimezeeka, siwezi tena? Ndicho anachokitaka huyo." Akachukua patasi, akaanza kulipunguza jino moja moja, taratibu, ili upande wa pili wasisikie. Kuanzia hapo alikuwa anafika kiwandani saa moja kabla ya wengine wote, anapunguza meno ya Bisaso kimya kimya, kisha anaketi kungoja siku ianze kana kwamba ndiyo kwanza afike.

Mimi niliamini kama alivyoamini. Kwa nini nisiamini? Bisaso naye alikuwa amezidi kuwa mtu wa ovyo. Hakutoka tena kunywa chai nje na wenzake. Alinitaka nimletee ndani, nusu kikombe, na nikimjazia ananifokea. Watu wakimpa mkono anajifanya ameshika kitu. Nikasema moyoni, kiburi hicho, sasa kimefika hata kwenye salamu.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Ddungu, mwenye muziki wa sherehe, mtu mnene anayecheka kabla hujamaliza kusema. Alitaka masanduku manne ya besi, kila moja la kunifika kifuani, yawe tayari Ijumaa kwa ajili ya shughuli ya kujitambulisha ukweni huko Mpigi. Bisaso akakubali kwa sauti kubwa. Nilimwona Nnaalongo nyuma ya ukuta akipima kwa macho vibano vyake vya chuma. Kile kirefu kuliko vyote hakikufika nusu ya sanduku kama hilo.

Matatu yalipita. Sijui yalipitaje. Alipunguza meno hadi vidole vikavimba. La nne mbao zake zilisukumwa chini ya ukuta Alhamisi asubuhi, mvua ikinyesha ile ya kutokata, na plaiwudi ikavuta unyevu kama mkate. Hapakuwa na muda wa patasi. Nnaalongo alijaribu pakavu, akagonga, zikaingia kwa taabu. Akatazama mvua. Akatazama mbao. Akasema liwalo na liwe, akashika brashi.

Ubavu wa kwanza uliingia. Wa pili ukaingia kwa matusi. Ukabaki ubao wa juu, ule unaopaswa kushuka kwenye mbavu zote mbili kwa pamoja. Ulishuka nusu, ukakwama.

Akagonga kushoto, kulia kukainuka. Akagonga kulia, kushoto kukainuka. Akalala juu yake kwa kifua. Wapi. Gundi ilikuwa inachuruzika mbavuni, na mimi nilishakaa pale muda wa kutosha kujua kwamba ikianza kuwa na ngozi juu, kazi imekwisha.

"Hajara! Weka sufuria chini, njoo!"

Nilikwenda. Nikashika upande mmoja, yeye mwingine, tukasukuma. Mimi ni mwembamba kama mwiko. Upande wake ulishuka, wangu ukabaki juu ukinicheka.

"Kula huli?" akanifokea.

"Nakula, sili mbao!"

Upande wa pili wa ukuta msumeno ulikuwa umenyamaza. Bisaso alikuwa anasikiliza. Nikapiga kelele: "Bisaso, sanduku limekwama! Njoo usaidie!"

"Siruhusiwi huko," akasema. "Kuna mama mkwe wangu."

"Sanduku la Ddungu linakauka nusu!"

"Pole yake. Mwambie mama afungashe mkeka."

Nilitamani kumrushia jiko. Nnaalongo aliinua kichwa. Jasho lilikuwa linamdondoka puani, na uso ulikuwa umebadilika. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila kunitaja mimi:

"Bisaso."

Miaka saba. Nilisikia kiti upande wa pili kikikwaruza sakafu.

"Bisaso, nisikilize. Silifungui sanduku hili wala silivunji. Naliacha lilivyo, na namwita Ddungu na wazee wote wa ukoo. Waje na skwea. Wapime jino lako na tundu lake. Halafu nitaomba jambo moja tu, ukae mbele yao ukate jino moja. Moja. Waone fundi anavyokata."

Mvua ikazidi kwenye mabati.

"Usifanye hivyo," Bisaso akasema. Sauti haikuwa ya kiburi. Nilidhani anaogopa jina lake la ufundi.

"Basi njoo ushike."

"Nitakuonaje, mama? Mwiko je?"

"Hajara atakufunga macho."

Nikavua kilemba changu, kile cha kijani, nikazunguka ukuta. Nikamfunga Bisaso macho, nikamkokota kwa mkono wa shati kama mbuzi wa sadaka. Nilimwambia Nnaalongo na yeye ajifunike uso. "Na meno atayatazama nani?" akaniuliza. Nikamwacha atazame. Nikamsimamisha Bisaso upande wa pili wa sanduku, nikaichukua mikono yake, nikaiweka juu ya ubao uliolowa.

Hapo ndipo nilipoishika mikono ile, na nikaiachia upesi kana kwamba imeniunguza.

"Nikisema sukuma, sukuma," Nnaalongo akasema. Akaweka viganja vyake upande wake. Alikuwa anataka kuhesabu, na hakuhesabu. Nilimwona akikunja uso, akiutazama ubao chini ya vidole vyake, halafu taratibu akiyapeleka macho yake mpaka upande wa pili. Mikono ya Bisaso ilikuwa inatetemeka. Si kutetemeka kwa mtu aliyeshikwa na baridi au hofu. Ilikuwa inapiga yenyewe, haraka haraka, na ubao ulikuwa unaubeba mtetemo kutoka kwake hadi kwa mama mkwe wake. Ile gundi chini ya vidole vya Bisaso ilikuwa imechorwachorwa kama uwanja uliopitwa na kuku.

"Sukuma," akasema.

Wakasukuma. Ubao ukalia, ukashuka, meno yote yakazama, gundi ikatoka nyembamba na sawasawa kwenye viungo pande zote. Sanduku lilikuwa zima. Hakuna aliyelifurahia.

Kwa watu wa kwingine jambo hili lisingetokea. Kwingine mama angemtazama mkwewe mikono siku ya kwanza, akajua. Huyu alikuwa na mbao tu za kusoma, na kwenye mbao alisoma ubaya. Mtu anayetetemeka haukati mstari. Anaogopa kuuvuka, anaukata kwa nje, anaacha jino nene, halafu anashindwa kulipunguza kwa patasi, kwa kuwa patasi ndiyo mbaya zaidi. Miezi saba yule mtu alikuwa anakata kwa hofu, na miezi saba mama alikuwa anapiga vita.

"Tangu lini?" Nnaalongo akauliza.

"Pasaka."

"Babirye anajua?"

"Anadhani ni ulevi wa waragi. Afadhali adhani waragi."

"Umekwenda hospitali?"

"Walisema ni mishipa. Wakanipa jina la Kizungu la ugonjwa wenyewe." Bisaso alicheka kidogo, kicheko kibaya, kile kilemba changu kikiwa bado usoni mwake. "Hilo jina nikalibandike wapi? Mlangoni?"

Nilidhani Nnaalongo atalainika. Mimi mwenyewe machozi yalikuwa yananilengalenga, kwa ujinga wangu. Lakini mwanamke yule alijifuta mikono kwenye khanga yake, polepole, kidole kimoja kimoja, na nilimwona anapiga hesabu ya vita.

"Kwa hiyo fundi aliyeachiwa kiwanda hawezi kukata," akasema. "Wazee wanapaswa kujua."

"Waambie," Bisaso akajibu. Akanyoosha mgongo. "Nenda getini upige kelele, Ndeeba nzima isikie: mkwe wangu anatetemeka! Halafu waulize watakalouliza wao. Waulize nilimshika mama mkwe gani. Mimi sina mwingine, mama. Ni wewe tu."

Sijawahi kumwona Nnaalongo akiogopa kabla ya hapo. Kufiwa hakuogopa, Kiwuwa hakumwogopa. Lakini yeye ni mweka hazina wa Umoja wa Akina Mama kanisani, amevaa sare ile ya bluu na nyeupe miaka ishirini, na alikuwa anawajua wale wanawake. Wasingesema neno mbele yake. Wangesogea tu kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake. Na kule Bulemeezi je? Veranda yenyewe wasingempa.

Akakaa juu ya kopo la gundi. Nikahesabu matone ya mvua kutoka kwenye bati lililotoboka, mpaka nikachoka.

"Hajara," akasema mwishowe.

"Nnaalongo."

"Mwambie huyo mtu arudi upande wake."

Walikuwa mikono miwili mmoja kutoka kwa mwenzake. "Bisaso," nikasema, "anasema urudi upande wako."

"Nimesikia."

"Mwambie kesho asiguse mbao. Aniachie msumeno, penseli na skwea chini ya ukuta. Meno nitakata mimi. Mubiru alikata mbele yangu miaka thelathini na moja, sikuwa kipofu."

"Anasema..."

"Nimesikia! Muulize, na mimi nitafanya nini?"

"Mwambie agonge."

"Nigonge nini?"

"Mwambie agonge chochote," Nnaalongo akasema, na sasa alikuwa anamtazama moja kwa moja, kwa kuwa mwenzake alikuwa amefungwa macho. "Kipande cha mti, nyundo, kutwa. Watu wakipita wasikie fundi yuko kazini. Afunge mlango wake wa barabarani, asitoke nje, asimpe mtu mkono, asinywe chai mbele za watu. Na Hajara..."

"Mimi tena?"

"Wewe ukifungua mdomo, nitakupaka gundi ulimi."

Na alikuwa na uwezo huo. Nimekaa kimya mpaka leo. Katika haya ninayoyasema nimewabadilishia majina wote, pamoja na langu, na kama kuna Nnaalongo anayefanana naye, si yeye.

Ddungu alikuja Ijumaa. Akapitisha kidole kwenye kona za masanduku, akacheka, akapiga ukuta kwa kiganja. "Bisaso wewe! Meno haya ya sanduku la nne! Umempita hata mzee!" Kutoka upande wake Bisaso akajibu kwamba anashukuru, kazi imembana, hawezi kutoka. Nnaalongo alikuwa anaosha brashi yake, hakuinua kichwa.

Imepita miezi sasa. Anafika kabla ya jogoo, anakata, anachonga, anapaka, anabana. Kukata kwake ni kuzuri kuliko kwa Bisaso, na mimi niliyemjua Mubiru nasema ni kuzuri kuliko kwa Mubiru. Meno yanaingia kwa kiganja, unasikia pumzi tu. Wateja wameongezeka. Wanatoka hadi Mukono na Entebbe kumtafuta Bisaso. Naye yuko nyuma ya ukuta na kipande chake cha mvule, ko, ko, ko, kutwa nzima, mpaka kichwa kinaniuma. Akipumzika kidogo, Nnaalongo anaupiga ukuta teke.

"Hajara, mwambie mikono ndiyo mibovu, siyo masikio. Agonge!"

"Hajara, mwambie nachoka."

"Mwambie mimi nina miaka hamsini na tisa na sijachoka."

Siku moja nilimwambia, Nnaalongo, mbona usiseme ukweli tu? Ni ugonjwa, hospitali wameandika. Akaniangalia kama mtoto aliyemwaga maziwa. "Ukweli una miguu mifupi, Hajara. Utafika kanisani siku nimeshazikwa." Akaendelea kunoa patasi. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wasemavyo, lakini huyu mwanaharamu wa kwetu hapiti, amekaa nyuma ya ukuta anagonga.

Jumanne iliyopita walikuja wanawake watatu wa Umoja wa Akina Mama kumjulia hali. Nikawawekea benchi na chai. Nnaalongo akatoka na unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, akasema alikuwa anafagia. Wakakaa wakisikiliza ile ko, ko, ko.

"Nnaalongo, una bahati," akasema yule mkubwa wao. "Wakwe wa siku hizi wanalala mpaka saa nne. Huyu wako, tangu tumefika hajapumzika."

Nikamtazama Nnaalongo. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, kimoja kimefungwa kitambaa chenye damu, kwa kuwa asubuhi ile msumeno ulikuwa umemteleza. Akavificha chini ya khanga.

"Ndiyo," akasema. "Ni mchapakazi. Mungu amenipa mkwe."

"Basi mshukuru Mungu kwa sauti, tusikie na sisi!"

Akashukuru kwa sauti. Alisema jina la Bisaso lote, na la baba yake Bisaso, akaiombea mikono yake nguvu na umri mrefu, na wale wanawake wakaitikia amina. Alipomaliza alinivuta pembeni, akaniambia nisithubutu kuwapa kikombe cha pili.